Dari ya Beltsville

Serikali ya kaunti haina desturi ya kupiga hodi inapokuja kubandika karatasi. Iliibandika Jumanne asubuhi, kwa utepe wa gundi pande zote nne, kwenye mlango wa mbele wa nyumba ambayo Respicius aliipangisha huko Beltsville. Saa tisa alasiri mwenye nyumba aliikuta pale, akiwa na sepetu begani. Alikuwa amekuja kuwasafishia wapangaji wake njia. Theluji ya wiki mbili ilikuwa imegeuka kitu kisicho barafu wala saruji, na mtu wa miaka hamsini na tatu mwenye kiuno kibovu hakutarajiwa kuichimba kwa furaha.

Aliisoma karatasi mara mbili. Ilikuwa ya rangi ya chungwa, ili hata jirani asiyeweza kuisoma ajue kuwa pana jambo. Ilisema kwamba ndani ya nyumba mlikuwa na uvujaji wa maji wa siku nyingi, dari iliyo hatarini kuanguka na joto lisilotosha. Kwamba mwenye nyumba aliarifiwa na hakuchukua hatua yoyote. Kwamba mkaguzi angerejea Ijumaa saa nne asubuhi. Endapo angeikuta hali ni ile ile, nyumba ingefungwa kwa kutofaa kukaliwa na binadamu, na leseni ya kupangisha ingesimamishwa.

Tishio aliliweza. Kilichomchoma ni lile neno kwamba aliarifiwa. Respicius alikuwa fundi mkuu wa matengenezo katika maghorofa ya kupangisha wanafunzi huko College Park, nyumba mia tatu na arobaini chini ya funguo zake. Tangu baridi kali iingie alikuwa ameziba mabomba thelathini na moja yaliyopasuka, na kila mpangaji wa miaka kumi na tisa alikuwa na namba yake ya simu na hakuona haya kuitumia. Mmoja alimpigia akilia kwa sababu maji ya kuoga yalikuwa vuguvugu. Na sasa serikali ilikuwa imemwandikia, kwa herufi nene, kwamba haijali nyumba yake mwenyewe.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu, karibu. Pita ndani, baridi hiyo."

Bimkubwa alikuwa mjane wa miaka sitini na tisa, mzaliwa wa Unguja, aliyekaa katika nyumba hiyo na mwanawe Jabir kwa miaka kumi na moja. Alivaa koti la nje, soksi mbilimbili, na mtandio juu ya kofia ya sufu. Alisimama katikati ya ukumbi mwembamba kama mtu aliyewekwa pale aizibe njia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Hujambo? Mama Jacqueline hajambo?"

"Hajambo."

"Na huko kwenu Bukoba, mke wa marehemu kaka yako kapata nguvu kidogo?"

"Anaendelea, Mama. Na hapa nyumbani?"

"Salama tu, alhamdulillahi."

Nyuma yake, sebuleni, tone likaanguka. Lilianguka ndani ya maji, tena maji yenye kina. Baada ya muda likaanguka jingine.

"Mama, hiyo ni nini?"

"Ipi?"

Respicius alimwomba radhi, akampita. Sebule ilikuwa imepangwa upya kwa akili nyingi. Makochi yalikuwa yamesogezwa ukutani na kufunikwa nailoni. Katikati zilisimama ndoo tatu, beseni moja na sufuria lile kubwa la biriani, kila kimoja kimezungushiwa taulo ili matone yasirushe maji kwenye zulia. Juu yake dari ilikuwa imevimba kama godoro lililolowa, rangi ya chai ya maziwa, na mstari wa ufa ulikuwa umeanza kuigawa.

"Tangu lini?"

Bimkubwa aliitazama dari kana kwamba ndiyo kwanza wanatambulishwa. "Si jambo la kulizungumza sasa. Nyie mna msiba."

"Mama. Tangu lini?"

"Tangu ile Jumapili ulopata habari ya kaka yako. Jioni yake."

Hiyo ilikuwa siku tisa zilizopita. Siku nne kati ya hizo Bimkubwa alizipitisha Landover, nyumbani kwa Respicius, kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine waliokuja kuomboleza, na kila siku alikuja na chano cha sambusa kilichofunikwa kitambaa. Siku ya tatu Respicius alimwuliza kwa kinywa chake mwenyewe wanaionaje baridi kule nyumbani. Naye alijibu: salama.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie vipi?" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Mtu kafiwa na kaka yake, hata kumzika hakupata, nije mie nimguse bega nimwambie dari yangu inavuja? Nimekuwa sina haya?"

"Sasa ungengoja mpaka lini?"

"Niliwauliza wenzako pale matangani, wakanambia nyie Wakristo mna misa ya arobaini. Nikasema basi, nitangoja arobaini. Zimebaki siku thelathini na moja."

Aliyasema hayo kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kununua ndoo za kutosha.

Respicius alipanda juu, akaweka kiganja chake ukutani katika chumba kilichofungwa ili kubana matumizi, akasikia ukuta umelowa. Nyumba ile ya zamani ilipashwa joto na maji ya moto yanayozunguka kwenye mabomba ndani ya kuta, na bomba la chumba hicho, lililopita upande wa nje, lilikuwa limeganda na kupasuka. Kulizuia lisivuje kulikuwa na njia moja tu, kuzima mtambo mzima. Na kuuzima kulimaanisha kuwa kabla ya magharibi nyumba ingekuwa baridi kama barabara. Akashuka chini, akauzima.

"Funga vitu vyako, Mama. Unakuja kwetu."

"Msibani? Na mabegi?"

"Msibani, na mabegi."

*

Vumilia, mke wa Respicius, alikuwa mtu wa kazi. Aliwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee kwa zamu ya saa kumi na mbili mfululizo, na aliporudi nyumbani hakutazamia kumkuta mzee mwingine jikoni. Hata hivyo alipoelezwa kwa simu kwamba mgeni anakuja, alifanya yaliyompasa. Alimhamisha binti yao Jacqueline kutoka chumbani kwake, akatandika shuka mpya, akasugua sufuria mbili kwa heshima, yaani kwa nguvu kupita ilivyohitajika, kisha akazitoa soseji za nguruwe kwenye friji na kwenda kuzifukia uani ndani ya theluji. Majira yale yalikuwa na faida hiyo moja.

Chakula kililiwa kwa adabu nyingi na maneno machache. Saa moja jioni Jabir aliwasili kutoka kwenye ghala alikofanya kazi, hapo hapo Landover, akiwa na dawa za presha za mama yake ndani ya mfuko wa plastiki. Respicius aliiweka karatasi ya chungwa mezani, kati ya sahani ya matango na chupa ya maji.

"Jabir, unaijua hii?"

Jabir aliijua. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na minane, mwenye mabega mapana, na aliitazama kama mtoto anavyotazama ripoti ya shule.

"Mie ndo nilowaita, kaka."

"Wewe?"

"Mama kaniapisha. Nisikwambie wewe, nisimwambie dada Vumilia, nisimwambie yeyote alofika matangani. Kila siku namwaga ndoo asubuhi kabla ya kazi, namwaga nikirudi. Nikajiuliza, sasa nani hakufika matangani? Kaunti hawakufika."

Jacqueline, mwenye miaka kumi na sita, ambaye alikielewa Kiswahili chote na kukijibu kwa Kiingereza, alisema kwamba kisheria hoja hiyo haikuwa na kasoro. Hakuna aliyemshukuru.

"Na hapa?" Respicius aliweka kidole kwenye mstari. "Imeandikwa niliarifiwa."

"Ile fomu haiendi mbele, kaka, wallahi. Inauliza, mwenye nyumba kaambiwa? Nikibonyeza hapana inanirudisha mwanzo, inanambia nenda kamwambie kwanza. Na mie nimeapishwa. Mara tatu inanirudisha. Nikabonyeza ndiyo."

"Ukabonyeza ndiyo."

"Nilijua siku moja utajua tu."

Vumilia alikuwa amesimama karibu na sinki, mikono yake imeloa. Aliifuta polepole.

"Mama Jabir, naomba nikuulize, bila kukuvunjia heshima." Maneno hayo, katika lugha yetu, ndiyo hutangulizwa heshima inapokaribia kuvunjwa. "Ulikaa kwenye mkeka wangu siku nne. Nilikulilia begani. Na muda wote ule unajua nyumba yetu inaoza?"

"Nilijua."

"Nyumba ile ndiyo tunayoitegemea kumsomesha huyu. Wakiifunga, wapangaji hamna, leseni hamna, na benki haina misa ya arobaini."

"Ungekuwa wewe, Mama Jacqueline, ungesema?"

"Ningesema!"

"Mbele ya jeneza?"

"Jeneza lilikuwa Bukoba!"

Respicius aliikunja ile karatasi mara moja, akaikunja tena, akainuka na kusema anakwenda kuangalia kama ana misumari ya kutosha kwenye gari. Alikuwa na misumari ya kutosha, na kila mtu mezani alijua kuwa anayo. Mlango ulipofungwa nyuma yake, Vumilia alikaa chini. Bimkubwa akasogeza sahani ya matango upande wake. Baada ya muda Vumilia akachukua kipande kimoja.

*

Mwajiri wa Respicius alitoa likizo ya siku tatu kwa mfanyakazi aliyefiwa na ndugu wa damu. Respicius hakuwa ameichukua. Viwanja vya ndege vilikuwa vimefungwa kwa theluji, kaka yake Boniface alizikwa bila yeye, na katika maghorofa ya College Park maji yalikuwa yakishuka ngazi kama watu. Jumatano alfajiri alimpigia msimamizi wake, kijana aliyemzidi kwa cheo na kuzidiwa naye kwa miaka ishirini na minne, akaiomba sasa.

Kijana alimpa pole. Kisha akauliza kama anasafiri. Respicius akasema hasafiri. Kijana akasema kwamba likizo ile ni ya mazishi, na mazishi, kama anavyoelewa, yalikwisha. Lakini asingependa kuonekana mkatili, kwa hiyo angehitaji uthibitisho. Uthibitisho uliokuwapo ni picha ya ratiba ya mazishi, iliyotumwa kwa simu na mtoto wa marehemu, kwa Kiswahili. Kijana akaomba tafsiri. Jacqueline aliiandika kabla ya kwenda shule, kwenye meza ya jikoni: saa ya kuaga mwili, jina la paroko, majina ya watoto wa marehemu kwa kufuatana. Alikuwa amemwona baba yake mkubwa mara mbili maishani. Alipofika kwenye majina ya ndugu walioachwa, aliliandika la baba yake, akauliza, kwa Kiingereza, kama aandike pia mahali alipo. Respicius akamwambia aandike tu jina.

Likizo ilikubaliwa, siku mbili badala ya tatu, pamoja na pole nyingine na ombi kwamba kabla hajaianza apitie jengo la tatu, ambako kulikuwa na dharura. Alipitia jengo la tatu.

Karatasi ya kaunti ilitaka bomba litengenezwe na fundi mwenye leseni ya mabomba, na leseni ya Respicius ilikuwa ya mikono tu. Wenye leseni walikuwa na foleni ya wiki mbili. Alimpigia Kamande, fundi Mkenya waliyefahamiana kazini, akijiandaa kubembeleza.

"Mzee, wacha kunibembeleza," Kamande alisema. "Nilikula pilau kwako, matanga. Unataka nikuweke kwa laini kama mtu sijui? Nakuja saa nane."

Alikuja saa nane kamili, akafika juu, akaupasua ukuta, akapiga mluzi.

"Hii kitu imekufa kitambo. Nani alikuwa anaiangalia tu?"

"Mimi," alisema Bimkubwa. Alikuwa amekataa kubaki Landover, kwa sababu wanaume wawili hawaachiwi nyumba ya mtu. Alikuwa ameketi ukumbini juu ya ndoo iliyopinduliwa, amevaa makoti mawili, na chupa ya chai ya tangawizi miguuni.

Kamande alielezwa kisa kizima. Alikisikiliza akiwa amepiga magoti, bomba mkononi.

"Mama, wewe si mtu wa kawaida. Kwetu landilodi akifiwa, wapangaji wanapanga laini hapo matanga, kila mtu na shida yake kwa mkono. Wanasema pole, alafu wanasema sinki."

"Ndo adabu hiyo?"

"Si adabu, mama. Lakini sinki inatengenezwa."

Bimkubwa alilitafakari hilo. Hakulikubali, lakini alimmiminia chai kwanza yeye.

Alhamisi waliishusha dari. Iliyolowa haikatwi kwa unadhifu. Respicius aliitoboa kwa nyundo, maji yakamwagika kwenye sufuria la biriani, kisha vipande vya jipsamu vikaanza kuanguka kimoja kimoja, vizito kama mikate isiyoiva. Alisimama juu ya ngazi akivuta pamba ya kuzuia baridi iliyojaa maji, mikono mitupu, mpaka mikono ikakoma.

Kamande, aliyekuwa akibeba uchafu kupeleka nje, alimwona hashuki wala hafanyi kazi.

"Kaka yako alikuwa mtu wa namna gani?"

"Wa kulalamika," alisema Respicius bila kugeuka. "Kila wiki lazima apige. Paa, goti, mbuzi, paroko. Yeye hakuwa na haya hata kidogo. Ijumaa ile alinipigia akaniambia kifua kinambana. Nikamwambia nitampigia baadaye, nina bomba."

Chini, Bimkubwa aliyasikia yote, akaacha kufagia. Kisha akafagia tena, mahali pale pale palipokwisha kuwa safi.

Jioni Jabir alikuja moja kwa moja kutoka ghalani na kuushika upande wa pili wa kila ubao. Waliliziba tundu la dari kwa nailoni nzito, wakakaza mbao chini yake, wakaujaza mtambo maji na kuuwasha. Ulinguruma, ukakohoa, ukatulia. Kamande akaweka sahihi yake kwenye fomu, akakataa malipo ya saa za ziada, akaondoka na sambusa kumi na mbili.

*

Mkaguzi wa kaunti alikuwa mwanamke wa makamo mwenye viatu vya kukanyagia theluji na kipimajoto kinachoning'inia shingoni. Alifika Ijumaa saa nne kasoro dakika mbili. Alikataa chai kwa kuwa kanuni zilimkataza, akakataa kiti kwa kuwa alitaka kusimama. Vumilia, aliyebadilishana zamu ili awepo, alisimama karibu na mumewe, na Jabir karibu na mama yake, kama pande mbili zilizokuja kuozeshana.

Kanuni ilitaka nyuzi sitini na nane kwa kipimo cha huku, yaani ishirini kwa kile cha kwetu. Kipimajoto kilionyesha sitini na sita.

"Tutangoja," alisema mkaguzi.

Walingoja. Mabomba yaligonga ndani ya kuta. Bimkubwa, aliyetafsiriwa hali ya mambo, alifunga mlango wa jikoni, akasukuma zulia chini yake kwa mguu, kisha akavua koti lake la nje na kulining'iniza, ili ionekane kuwa humo ndani hapana baridi. Saa nne na dakika ishirini ilikuwa sitini na saba. Vumilia aligundua kwamba ameushika mkono wa mumewe na kwamba hakumbuki ameushika tangu lini. Saa nne na dakika thelathini na nne mkaguzi aliandika sitini na nane, akakagua sahihi ya Kamande, akaitikisa mbao ya dari kwa mpini wa ufagio, akaandika tena.

"Limebaki hili la pili," alisema. "Mwenye nyumba aliarifiwa na akapuuza. Hilo peke yake linatosha kuisimamisha leseni. Ningependa kulisikia kutoka kwa mpangaji."

Jabir alitafsiri. Bimkubwa hakumtazama mkaguzi, alimtazama mwanawe.

"Mwambie ulivyobonyeza."

"Mama, hii ni serikali."

"Ndo umwambie."

Jabir alijikohoza, akamweleza mwakilishi wa serikali, kwa Kiingereza na kwa urefu, kwamba aliidanganya fomu. Mkaguzi alimkumbusha kwamba maelezo ya uongo yana faini. Kisha akauliza kwa nini basi mtu avujiwe siku tisa bila kumwambia mwenye nyumba.

"Alifiwa," alisema Bimkubwa, na hakuona haja ya kuongeza.

Jabir aliona haja. Alieleza mkeka, matanga, arobaini. Mkaguzi alisikiliza, kalamu yake imesimama.

"Ni sharti la dini?"

"Hapana," alisema Jabir baada ya kumwuliza mama yake. "Anasema dini ingemruhusu baada ya siku tatu. Hizi nyingine ni adabu."

Mkaguzi aliitafuta kwenye fomu yake sehemu ya kuliandika hilo. Haikuwapo. Aliandika pembeni, kwa herufi ndogo, akaufuta mstari uliomshtaki Respicius, na kutoa uamuzi: nyumba haifungwi, leseni inabaki, dari mpya ndani ya siku kumi na nne, na Jabir asiiguse tena fomu ya kaunti kabla ya kuisoma. Alipofika mlangoni aliuliza, kama kanuni ilivyomtaka aulize, iwapo kuna kasoro nyingine yoyote ndani ya nyumba.

"Ya kumwambia yeye, hakuna," alisema Bimkubwa.

Jabir alitafsiri neno la mwisho tu.

*

Gari la kaunti lilipopinda kona, Respicius alirudi ndani, akavuta kiti na kuketi mbele ya mpangaji wake.

"Mama, nataka uniahidi. Kitu kikiharibika humu, uniambie siku hiyo hiyo. Hata kama nimefiwa. Hata kama nimekufa mimi, mwambie Vumilia."

"Mungu apishe mbali."

"Niahidi, Mama."

Bimkubwa akajitengeneza mtandio, kama mtu anayetaka kusimama kusoma.

"Haya. Basi kaeni nyote. Mama Jacqueline, chukua kalamu."

Vumilia aliitoa kalamu kwenye mkoba, bila kujua ni ya nini.

"Dirisha la chumbani kwangu halishuki mpaka mwisho. Hilo toka mwaka wa kwanza. Mlikuwa mkihangaikia karatasi za uhamiaji, nikaona si wakati wake. Mwaka wa pili, oveni, upande wa kushoto hauwaki. Jacqueline alikuwa kalazwa na pumu. Mwaka ule ule, ngazi ya tatu inacheza, lakini ilikuwa Kwaresima, nikasema watu wamefunga."

"Mama, Kwaresima si..." alianza Respicius.

"Mwache amalize," alisema Vumilia, akiandika.

"Mwaka wa tatu, choo cha chini. Huvutwa mara mbili ndo kipeleke. Mwaka huo wewe, Mama Jacqueline, walikupunguza kazini."

Kalamu ikasimama. "Sikumwambia mtu yeyote. Hata huyu nilimwambia baada ya mwezi."

"Nilikuona kituo cha basi, mchana, siku tatu, na sare yako umeipiga pasi. Mtu kavaa hivyo hataki kuulizwa. Haya, andika. Mwaka wa nne, mlango wa nyuma. Umevimba, haufungi sawasawa." Hapo Bimkubwa alisita, akamtazama Respicius kama anayeomba ruhusa, na kwa kuwa hakuipata wala hakunyimwa, akaendelea. "Ile miezi miwili ulokuwa ukilala kwenye gari, hapo nyuma ya nyumba."

Vumilia aligeuka. "Ulipoondoka nyumbani uliniambia uko kwa rafiki yako Ezekiel."

"Nilikuwa kwa Ezekiel," alisema Respicius. "Siku ya kwanza."

"Sikuweza kukukaribisha," Bimkubwa alimwambia, "ungejua nimekuona. Mwenye nyumba ukaribishwe nyumbani kwako na mpangaji? Nikauwacha mlango, sikuutia ufunguo, wala sikuurudishia mpaka mwisho, nikasema baridi ikimzidi atausukuma. Ukanyeshewa miezi miwili. Ndo ukavimba."

Respicius aliitazama mikono yake, ambayo bado ilikuwa na chokaa ya jipsamu kwenye kucha.

"Sikuwahi kuusukuma, Mama. Nilidhani umefungwa."

"Najua."

Aliinuka, akapita jikoni, na wakasikia anaurudisha mlango ule wa nyuma mahali pake, mara ya kwanza kwa mkono, mara ya pili kwa bega. Haukufunga. Aliporudi alisimama katikati ya sebule isiyo na dari. Vumilia alikuwa ameandika "mlango wa nyuma," na chini yake hakuweza kuandika kitu.

"Kaa, mwanangu," alisema Bimkubwa. "Huo ni mwaka wa nne tu."